Kitufe cha Kibodi Kinapokataa Kazi

  

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua fupi kwa kompyuta, na kuihifadhi ili isipotee. Leo tutazungumza juu ya jambo linalowatia watu hofu. Kompyuta ilikuwa nzima jana. Fundi amekuja, ameweka mfumo mpya, amekwenda zake. Asubuhi unakaa kitini, na kitufe kimoja kinakataa kazi. Je, kimekufa? Kibodi inunuliwe nyingine? Mfumo ufutwe uwekwe tena?

Jambo hili limewapata watu wengi, na sababu yake inajulikana. Mfumo uitwao Windows 10, uliokuwa katika kompyuta nyingi za ofisi, shule na vyama vya akiba, ulifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wakahamia Windows 11. Kuhama huko ni kama kuhama nyumba: vyombo vyote vinafika, lakini chumvi huioni mpaka uitafute.

Basi sikilizeni kwanza kisa kimoja.

Katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo, mwanamke kijana, alikuwa na kompyuta mpakato iliyokwisha tumika, iliyoletwa kutoka Uingereza. Fundi alikuja siku ya Alhamisi jioni. Akachukua nakala ya daftari la chama katika flashi yake, akaufuta mfumo wa zamani, akaweka mpya, akalirudisha daftari mahali pake. Wakati wa kuweka, mfumo mpya uliuliza maswali kadhaa: nchi gani, lugha gani, kibodi ya namna gani. Fundi alikuwa na haraka. Kila swali akajibu ndiyo. Usiku uleule akaifuta flashi ili abebee kazi ya mteja mwingine.

Ijumaa asubuhi katibu akawasha kompyuta. Ilifunguka vizuri, kwa maana namba yake ya kufungulia ni tarakimu tupu. Lakini alipofika katika programu ya hesabu za chama, neno lake la siri likakataliwa. Katika neno lile mna alama ya @, ile tunayoitumia katika anwani za barua pepe. Akaandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja. Likakataliwa mara ya pili. Sasa programu ile ukikosea mara tatu hufunga mlango, na mtu wa kuufungua yuko mjini, naye haji mpaka Jumatatu. Na kesho yake, Jumamosi, wanachama walikuwa wanakuja kuchukua fedha zao: mmoja ada ya mtoto, mwingine dawa ya mifugo, mwingine mkopo aliouomba tangu mwezi uliopita.

Kulikuwa na kijana karibu, mjuzi wa simu na kompyuta. Akasema, "Dada, mfumo umeharibika huu. Tupige windo upya, ni dakika arobaini tu." Kupiga windo ndiyo namna yao ya kusema kuufuta mfumo na kuuweka tena. Katibu alikaribia kukubali. Nanyi mnajua kwamba nakala pekee ya daftari sasa ilikuwa mle ndani ya kompyuta.

Hapo akaingia mzee mmoja, mwanachama, aliyekuwa mpiga chapa serikalini kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeinama hivyo?"

"Mzee, kitufe cha @ kimekufa. Nimejaribu mara mbili, nimebakiwa na mara moja."

"Kimekufa namna gani? Hakiandiki kitu, au kinaandika kitu kingine?"

"Sijui, mzee. Neno la siri halionekani, ni nukta tu."

"Basi kiandike mahali panapoonekana."

Katibu akakipeleka kipanya kwenye kisanduku cha juu, kile cha kuandikia jina, ambacho maandishi yake yanaonekana. Akaandika alama ile moja tu. Badala ya @ ikatoka alama ya usemi, yaani ile ". Akashangaa. Mzee akamwambia ajaribu kitufe cha alama ya usemi, chenye tarakimu 2. Akabonyeza Shift pamoja na 2. Ikatoka @. Akaifuta, akashuka kwenye kisanduku cha neno la siri, akaandika kwa kufuata mahali papya. Programu ikafunguka. Kabla ya jambo lolote akaomba flashi, akatoa nakala ya daftari.

Ndugu wasikilizaji, ulizeni pamoja nami: je, kitufe kilikuwa kibovu? Hata kidogo. Swali la mzee ndilo somo letu la leo. Kitufe ambacho hakitoi kitu, na kitufe kinachotoa kitu kingine, ni wagonjwa wawili tofauti, nao hawapewi dawa moja.

Ili tuelewe, hatuna budi kutazama chini ya vitufe. Mle ndani mna nyaya nyembamba zilizopita kwa urefu na kwa upana, kama jamvi lililosukwa. Ukibonyeza kitufe, waya wa urefu hukutana na waya wa upana mahali pamoja. Kuna kidude kidogo cha umeme kinachokagua makutano hayo mara nyingi kila sekunde. Kikiona mahali pamekutana, hupeleka namba kwa kompyuta. Namba, si herufi. Katika kompyuta za IBM zilizotoka mwaka 1981, kitufe cha A kilipeleka namba 30, na kitufe cha tarakimu 2 kilipeleka namba 3. Ukikiachia kitufe, inakwenda namba nyingine, ile ya kwanza ikiongezwa 128. Kwa hiyo A ukiiachia inakwenda 158. Wenye penseli wafanye hesabu: tarakimu 2 ukiiachia, inakwenda namba gani? Kibodi za leo za waya wa USB zina namba nyingine, lakini kazi ni ileile.

Sasa ni nani anayegeuza namba kuwa herufi? Ni mfumo. Fikirini sanduku la posta. Barua imeandikwa namba ya sanduku tu. Karani wa posta ana orodha inayosema sanduku hili ni la fulani na lile ni la fulani. Ukimpa karani orodha ya posta ya mji mwingine, barua zitaendelea kufika, tena kwa wakati, lakini zitafika kwa watu wasiohusika. Mfumo mpya ulipouliza "kibodi ya namna gani", ulikuwa unauliza utumie orodha ipi. Fundi akajibu ndiyo kwa orodha ya Marekani, na kibodi ilikuwa ya Uingereza.

Orodha hizo mbili zinafanana karibu zote, na hapo ndipo zinapomdanganya mtu. Herufi zote 26 zimekaa mahali pamoja. Tarakimu zote kadhalika. Tofauti iko katika alama chache. Katika kibodi ya Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya usemi, na @ iko karibu na Enter, pamoja na ritifaa. Katika ya Marekani mambo hayo mawili yamebadilishana. Shift na 3 kule Uingereza hutoa alama ya paundi, £, na kule Marekani hutoa #, ile tunayoiita reli tunapobonyeza namba za salio katika simu.

Mtauliza kwa nini walitofautiana. Mashine nyingi za zamani za kupiga chapa ziliweka alama ya usemi juu ya 2, na mzee wetu alizizoea hizo. Huko Marekani, mashine ya umeme ya IBM iitwayo Selectric, iliyotoka mwaka 1961, iliweka @ juu ya 2, na kompyuta za Marekani zikafuata njia hiyo. Waingereza wakabaki na ya kwao. Kompyuta zilizotumika zinatufikia kutoka pande zote mbili, na ndiyo maana chumba kimoja cha ofisi chaweza kuwa na kibodi mbili zisizosikilizana.

Utaijuaje yako ni ya wapi? Itazame tu. Kama juu ya 3 mna £, ni ya Uingereza. Itazame na Enter: katika ya Uingereza mara nyingi imesimama, imeshika mistari miwili, katika ya Marekani imelala katika mstari mmoja. Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura, ambao mara nyingine hupata kompyuta kutoka Ubelgiji au Ufaransa, wao wana jambo kubwa zaidi. Herufi sita za mwanzo katika kibodi hizo ni A, Z, E, R, T, Y. Zikiwekewa orodha ya Marekani, unabonyeza A inatoka Q, unabonyeza Z inatoka W. Hapo angalau mtu anatambua mara moja kwamba kuna kosa.

(Kiongozi wa kikundi: simamisha hapa kidogo. Kila mmoja aitazame kibodi iliyo mbele yake, au picha ya kibodi katika kitabu, aseme ni ya wapi.)

Haya, tuendelee. Kuna namna moja ya kosa hili ambayo sisi waandishi wa Kiswahili inatupata kuliko wengine, nami nataka tuikalie zaidi. Ni ritifaa, yaani kile kimkia kinachokaa juu katika neno ng'ombe.

Siku moja unaandika, na ritifaa haitoki. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, zinatoka mbili kwa pamoja. Unaandika ng'ombe, kompyuta inaandika ngómbe, herufi o ikiwa imevaa kofia ya mkwaju. Unaandika ng'ang'ania, inatoka ngángánia. Mtu husema kitufe kinakwama, akachukua kisu, akakibandua. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo zamani, na kitufe kile hakikukaa sawasawa tena mpaka kompyuta ile ikatupwa.

Kitufe hakikwami. Kuna orodha ya tatu, ya Marekani lakini ya kimataifa, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoandika lugha zenye herufi za mkwaju, kama Kihispania na Kireno. Katika orodha hiyo ritifaa hungoja. Haitoki mpaka ione herufi inayofuata. Ikifuatwa na o, zinaungana kuwa ó. Ikifuatwa na nafasi, inatoka yenyewe. Basi kama huna ruhusa ya kubadili kitu katika kompyuta, bonyeza ritifaa, kisha bonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi mara moja, kisha andika o. Utapata ng'ombe wako mzima. Lakini kama kompyuta ni yako, badili orodha, kwa maana barua ndefu yenye ng'ombe wengi itakuchosha.

Namna ya kubadili ni hii. Kwa muda tu: shika kitufe chenye alama ya dirisha, na huku umekishika bonyeza kile kirefu cha nafasi. Kama kompyuta imewekewa orodha zaidi ya moja, itakuonyesha majina yake, nawe utahama kutoka moja hadi nyingine. Chini ya kioo, upande wa kulia, karibu na saa, utaona herufi ENG na chini yake US au UK, ndiyo Marekani au Uingereza. Watu wengi huzibonyeza kwa bahati mbaya, wakahama bila kujua, kisha wakailaumu kibodi.

Kwa kudumu: fungua ukurasa wa mipangilio, uingie katika sehemu ya wakati na lugha, kisha sehemu ya lugha na eneo. Kando ya jina la lugha mna nukta tatu. Zibonyeze kwa kipanya, uchague mambo ya lugha hiyo, ushuke hadi penye orodha ya kibodi. Ongeza ile inayofanana na kibodi yako. Ijaribu mahali panapoonekana. Ukiona ni sawa, ndipo uiondoe ile nyingine, isije ikarudi siku ya haraka. Msianze kwa kuondoa. Ongeza kwanza, jaribu, halafu ondoa.

Sasa turudi kwa mgonjwa wa pili, kitufe kisichotoa kitu kabisa.

Jambo la kwanza, anzisha kompyuta upya. Nasema anzisha upya, sikusema zima kisha washa. Katika Windows za siku hizi kuzima kwa kawaida huenda kukahifadhi sehemu ya mfumo ili kuwaka kuwe kwa haraka, na kosa nalo likahifadhiwa humo. Katika ule ukurasa wa kuzimia mna neno la kuanzisha upya. Chagua hilo.

Jambo la pili, azima kibodi nyingine ya waya, uichomeke, na ubonyeze kitufe cha mahali palepale. Kama cha kibodi ya kuazima nacho ni kimya, au kinakosea vilevile, basi kosa liko ndani ya mfumo, na kununua kibodi ni kutupa fedha. Kama cha kuazima kinaandika vizuri na cha kwako ni kimya, kosa liko katika kibodi yako, na kufuta mfumo ni kazi bure. Kwa jaribio hili moja mnaweza kumwambia fundi aanzie wapi, naye hataweza kuwauzia msichokihitaji.

Kama hakuna wa kuwaazima, mfumo wenyewe una kibodi ya kioo. Shika Ctrl na kitufe cha dirisha, ubonyeze herufi O. Picha ya kibodi itatokea. Bonyeza kwa kipanya herufi inayokataa. Ikitoka kwa kipanya na haitoki kwa kidole, kosa laelekea kuwa katika kibodi. Na kibodi hiyo ya kioo itakuwezesha kumaliza kazi ya leo, polepole, lakini itamalizika.

Pengine si kitufe kimoja kilichonyamaza, ni vyote, na vinaitika tu ukivishikilia kwa muda. Ukiona hivyo usiogope. Kuna msaada uliowekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka: kompyuta hupuuza kubonyeza kwa ghafla na kungoja kubonyeza kwa kukaa. Unaanza kazi mtu akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Mwenye kuegemea kibodi huku anaongea na simu anaweza kuuwasha bila kujua. Shikilia tena sekunde 8, utazimika.

Na katika baadhi ya kompyuta mpakato, hasa ndogo za zamani, Num Lock ikiwaka herufi za upande wa kulia hugeuka kuwa tarakimu. Ukiandika jumuiya inatoka 14045ya. Zima Num Lock, basi.

Kama mmejaribu haya yote na kitufe bado ni kimya, hapo ndipo tutazame uchafu. Inaweza kutokea kwamba mfumo uliwekwa jana na chai ilimwagika juzi, na mfumo ukalaumiwa bure. Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme, uigeuze kichwa chini, uitikise taratibu. Pulizia kwa pampu ya mkono, usipulizie kwa mdomo, kwa maana mdomo una mate. Katika kompyuta mpakato msibandue kitufe: chini yake mna mikono miwili midogo ya plastiki, nayo huvunjika upesi kuliko mnavyodhani. Nimekwisha waambia yaliyonipata. Chai ya sukari ikimwagika ndani, kitufe kimoja chaweza hata kutoa herufi mbili, kwa sababu unyevu umeunganisha nyaya zisizopaswa kukutana. Huyo ni wa kupelekwa kwa fundi.

Mkimpelekea fundi, mwambieni mambo matatu: kitufe kipi, kinatoa nini, na kibodi ya kuazima ilifanya nini. Na kabla hamjamkabidhi kompyuta, toeni nakala ya kazi zenu, mbaki nayo ninyi.

Kazi ya juma hili ni hii. Andikeni sentensi moja yenye ng'ombe, ng'ambo na kung'aa, kisha alama ya usemi, kisha @, kisha #. Ikitoka sawasawa na ilivyochapwa juu ya vitufe, andikeni katika daftari kibodi yenu ni ya wapi. Isipotoka sawasawa, andikeni kila alama mliyoibonyeza, na kando yake ile iliyotoka. Kiongozi wa kikundi atazikusanya.

Juma lijalo tutajifunza kutoa nakala ya daftari katika flashi, na kuhakikisha kwamba nakala hiyo inafunguka. Jibu la hesabu yetu ni 131. Kwaherini.